Stefka na Duara la Hoki

"Toka kwenye duara langu, wewe."

Prokip Kotelko alimwambia Stefka Prystupa maneno hayo kila Jumamosi asubuhi, baridi ikija, baridi ikienda, tangu binti huyo alipokuwa bado na mapengo ya meno ya utotoni. Mimi niliyasikia nikiwa nyuma ya kaunta ya kantini namenya viazi, na kila mara yalinikera upya. Kotelko alikuwa mwenyekiti wa uwanja wetu wa barafu hapa kijijini Zoria na pia kocha wa hoki wa wavulana, mtu mpana wa kifua, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko shamba la jirani. Kila mwaka baridi ilipoanza kushika, tabaka la kwanza la maji likishaganda, alipiga magoti na kuchora maduara mekundu ya hoki, yale ambamo mchezo huanzishwa, kwa kamba na brashi, kisha akayafunika kwa tabaka jingine. Brashi hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata mwanawe. Kwa hiyo aliposema duara langu, hakuwa anatania.

Na Stefka hakuwa mkorofi. Alilitaka duara lile kwa sababu hakujua pa kupata jingine.

Kisa chenyewe kilianzia shuleni. Mwalimu mmoja wa kike kutoka mashariki alikuja kufundisha kwetu, akakaa muhula mmoja, baridi ikamshinda, akafungasha. Lakini kabla hajaondoka aliwaambia wasichana kwamba kuna mchezo wa kuteleza usio wa kukimbiza kisahani cha mpira kwa magongo wala kupigana vikumbo. Mchezaji anachora barafu kwa chuma cha kiatu chake. Akawachorea nane ubaoni: maduara mawili yanayogusana. Unajisukuma mara moja tu, alisema, unalizunguka duara la kwanza kwa mguu mmoja mpaka unarudi ulipoanzia, unabadili mguu, unajisukuma tena mara moja, unalizunguka la pili. Halafu unarudia, mara tatu kwa jumla, na mistari yote mitatu ilaliane hata ionekane mmoja. Majaji wanainama kuikagua. Ukiitawanya umeshindwa.

Wasichana wengine walipiga miayo. Stefka alirudi nyumbani hataki hata kula. Kitu kimoja tu mwalimu hakukisema, naye Stefka hakukiuliza: duara lenyewe liwe kubwa kiasi gani. Ubaoni lilikuwa kubwa kama sahani.

Jumamosi iliyofuata aliingia uwanjani na viatu vyeusi vya kaka yake vilivyoshindiliwa soksi mbele, akatazama huku na huku akitafuta duara, akaliona la Kotelko. Jekundu, mviringo kamili, limelala chini ya barafu linamsubiri. Akasimama juu ya mstari, akajisukuma, akafika robo, akakwama.

Sasa, duara la hoki si kitu cha kuchezea. Ukitaka kulipima kwa watu wazima, itabidi walale chali watano, kichwa kwa miguu, ndipo wafike ng'ambo. Kulizunguka lote kwa mguu mmoja na kwa msukumo mmoja kutoka kusimama ni kazi ya kumtoa jasho kijana wa hoki mwenye mapaja, na huyu alikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye miguu ya kuku. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba ni kazi ngumu. Alidhani wasichana wote duniani wanafanya hivyo, na kwamba mzembe ni yeye. Baridi yote ile alihangaika na nusu duara. Baridi ya pili alilifunga. Kisha akaanza kuhangaika na duara la pili, lile la kugusana na la kwanza, ambalo halikuwa na rangi wala alama. Hilo ilibidi alitoe kichwani mwake.

Kotelko ilimuuma kwelikweli.

"Unanichimbia mitaro, Stefka. Wavulana wakidondosha kisahani hapo kinakwenda kinakotaka chenyewe."

"Si mitaro, Mzee Kotelko. Ni mtaro mmoja. Njoo uangalie."

"Sina haja ya kuangalia. Toka."

Mimi nikadakia kutoka kantini, "Prokip, hebu mwache mtoto. Hao wavulana wako bado wanakunywa soda hapa, hawana hata habari na wewe."

"Hafia, we kaanga viazi."

Ndivyo tulivyoishi, mimi na Kotelko. Alikuwa binamu wa marehemu mume wangu, kwa hiyo kugombana kwetu kulikuwa na baraka za ukoo.

Stefka alipofikisha miaka kumi na miwili, baba yake, Onufry, akaamua kumpeleka mashindano ya mkoa huko Regina. Onufry alikuwa mkulima wa ngano, mkimya, mtu ambaye ukimwuliza habari za asubuhi anafikiri kwanza. Nikapanda nao kwenye pikapu, nimepakata sufuria ya pirohi, vile vifuko vyetu vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini, niliyoifunga kwa taulo zisipoe. Tulipofika tukakuta wasichana wenye viatu vyeupe pee na makocha waliovaa makoti ya manyoya. Stefka naye alikuwa na viatu vyeupe, ila vilikuwa vimeshawahi kuwa vya watu wawili kabla yake.

Tukakaa kwenye mbao kutazama. Waliomtangulia walichora vinane vidogo vidogo, maduara ya kutosha kuzunguka meza ya jikoni.

"Onufry," nikamnong'oneza, "mbona wanachora vidogo hivi?"

Akafikiri. "Labda barafu ya huku ni ghali."

Ikaja zamu ya Stefka. Majaji walikuwa wamesimama mstari mmoja hatua chache kutoka kwake, mikono mifukoni. Akajipanga, akanyoosha mikono, akajisukuma, akaenda. Akaenda, akaenda. Akaipita michoro ya msichana aliyemtangulia, akawafikia majaji, nao wakatawanyika, mmoja akiacha kiatu chake cha mpira palepale, naye Stefka akakizunguka bila kukigusa na kuendelea na safari yake. Mwanamke mmoja nyuma yetu akauliza kwa sauti, "Huyu anarudi kwao?" Watu wakaangua kicheko. Nilitaka kumgeukia yule mama na sufuria yangu, Onufry akanishika mkono. Stefka alimaliza nane yake mara zote tatu huku watu wanacheka. Akawa wa mwisho.

Alipotoka, jaji mmoja alimfuata, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliitwa Bi. Adair.

"Nani amekufundisha, binti?"

"Duara la hoki," Stefka akajibu.

Bi. Adair hakucheka. Akavaa miwani yake, akamtazama toka juu hadi chini. "Nimepitisha kidole kwenye mistari yako," akasema. "Ni mmoja. Mtoto wa umri wako sijamwona akifanya hivyo. Lakini umechora nane ya majitu, mwanangu. Duara linatakiwa liwe kimo chako mara tatu, basi."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ndiyo nakuambia."

Njiani Stefka alikaa katikati yetu, pirohi hakuzigusa. Tulikuwa tumeshakaribia nyumbani alipouliza, "Tato, mimi nina kimo gani?" Tato ndivyo watoto wetu wanavyowaita baba zao. Onufry alisema hajui, ila watapima.

Na Jumamosi wakapima. Onufry alimlaza binti yake chali kwenye barafu, akachora alama kichwani kwa msumari, akamsogeza, akamlaza tena, akachora, akamsogeza. Wavulana wa Kotelko walijazana kwenye uzio. "Mzee Onufry," mmoja akauliza, "unamzika wapi hasa?" Hata mimi nilicheka, nasema ukweli. Stefka akainuka, akajipangusa theluji mgongoni, akatazama kipande kile kifupi cha barafu kwa uso wa mtu aliyevalishwa gauni la mdogo wake.

Kuanzia hapo ikawa kazi ya kuisahaulisha miguu. Duara dogo linataka ulale zaidi, ujisukume kidogo, ujizuie. Miguu ya Stefka ilikuwa imelelewa kwenye duara kubwa na haikutaka kuzuiwa. Akizubaa kidogo tu, inafunguka, inaondoka naye. Ilimchukua miaka, lakini kichwa cha yule binti nakijua. Alipofika miaka kumi na mitano alikuwa bingwa wa mkoa wa michoro. Alipita madaraja ya mtihani ambayo wasichana wa mjini walikuwa wakiyafeli na kuyarudia. Kocha mmoja wa Saskatoon alikubali kumfundisha siku moja kwa juma, na Onufry alimpeleka huko kwa pikapu katika barabara ambazo mtu mwenye akili timamu angebaki ndani.

Alichokosa ni kuruka. Mashindano yalikuwa na sehemu mbili: michoro siku ya kwanza, halafu siku ya pili kucheza kwa muziki, kuruka na kuzunguka hewani, na alama zinajumlishwa. Stefka aliruka kama mtu anayeshuka kwenye trekta. Alianza kujifunza akiwa ameshachelewa, basi. Hivyo hesabu yake ilikuwa rahisi: awaache wenzake mbali kwenye michoro, kisha siku ya pili aombe Mungu wasimfikie.

Mwaka aliofikisha miaka kumi na saba, alipata nafasi ya kushindana Edmonton na wasichana wa mikoa yote ya magharibi. Wawili wa kwanza wangekwenda mashindano ya taifa. Zoria haikuwahi kupeleka mtu popote, si kwa hoki, si kwa chochote. Habari hiyo ilikuwa inajadiliwa kantini kwangu Jumapili moja baada ya kanisa, wanaume wamejaa na makoti yao yanavuja maji sakafuni mwangu, Kotelko akasimama.

"Mimi nasema hivi," akasema. "Huyu Stefka akienda mashindano ya taifa, nitamchorea duara lake mwenyewe. Kwa mkono wangu huu. Ligusane na langu."

Wanaume wakapiga meza kwa kicheko, maana ilikuwa sawa na kusema atakunywa ziwa. Duara la ziada katikati ya uwanja wa hoki, nani amewahi kuona?

"Umesikia, Stefka?" mmoja akamchokoza.

Stefka alikuwa kwenye kona anachovya chipsi kwenye siki. "Nimesikia," akasema. "Achore vizuri."

Juma la safari, Onufry akateleza kwenye ngazi za ghala lake na kuvunjika mguu. Theluji nayo ilikuwa imeziba barabara, na gari pekee ambalo ningeliamini kutufikisha Edmonton lilikuwa la Kotelko. Nikamfuata nyumbani kwake. Sikumbembeleza.

"Prokip, kesho asubuhi unatupeleka."

"Mimi nina mechi."

"Una mechi, na una mdomo ulioutumia mbele ya watu. Sasa njoo uone kama utachora au hutachora."

Akatupeleka. Njia nzima alitafuna mbegu za alizeti na kulalamika kwamba redio haishiki matokeo ya hoki. Stefka alilala na kichwa chake begani kwangu.

Uwanja wa Edmonton ulikuwa mkubwa, barafu yake ya umeme, nyeupe mpaka macho yanauma, na chini yake maduara mekundu ya hoki kama ya kwetu. Siku ya michoro wasichana waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja akapewa kipande cha barafu ambacho hakijaguswa. Mchoro wa kwanza Stefka akaongoza. Wa pili akaongoza kwa mbali, na nilianza kumwangalia Kotelko kwa jicho la pembeni. Ukabaki wa tatu: nane, na afikapo nusu ya kila duara mchezaji anageuka na kuendelea kinyumenyume kwa mguu uleule.

Barafu safi ilikuwa imekwisha karibu yote. Iliyobaki ilikuwa upande wa goli, na katika upande huo ndipo lilipokuwa duara la hoki. Wasichana waliotangulia walilikata katikati bila kulijali, kwao ilikuwa rangi tu. Stefka akaitwa. Akatembea, akachagua mahali, akainamisha kichwa. Niliona amesimama juu ya mstari mwekundu.

Akajisukuma. Miguu ikafunguka.

Alipofika robo alijua. Niliona bega lake likishtuka. Sheria ilimruhusu kusimama na kuanza upya mara moja, alama kidogo zingekatwa, na bado angeongoza. Kocha wake wa Saskatoon alikuwa ameinua mkono kule ukingoni, anamwashiria asimame. Stefka hakumtazama. Akageuka mahali pa kugeukia, kinyumenyume, akaufuata mstari mwekundu mpaka mwisho, akabadili mguu, akajisukuma kuelekea kwenye barafu tupu.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mle ndani ilisikika sauti ya chuma tu.

Kotelko aliacha kutafuna. "Analifuata duara langu," akasema.

"Si lako, Prokip. Ni la Edmonton."

"Duara la hoki ni duara la hoki." Kisha akainamia mbele, viwiko magotini. "Lakini hilo la pili hana pa kulifuata. Hafia, hapo hana kitu."

Na kweli hakuwa na kitu. Alilizunguka duara la pili kwenye weupe mtupu, kubwa sawasawa na la kwanza, akarudi palepale. Akaanza tena. Mara ya tatu nguvu zilikuwa zinamwishia. Ule mwendo wa mwisho alikuwa anakwenda polepole mno kiasi kwamba nilidhani atasimama kabla ya kufunga, na nikamshika Kotelko mkono na kuuminya. Akafunga. Akatoka kwenye barafu, mashavu mekundu, hamtazami mtu.

Majaji wakaingia. Wengi waliinama pale katikati, wakatikisa vichwa, wakaandika. Bi. Adair alikuwa mmoja wao, miwani ileile, uzi uleule. Yeye alipiga magoti. Alilifuata duara la pili lote kwa magoti, mama mtu mzima na sketi yake, pua karibu iguse barafu.

Kotelko alimwangalia akizunguka vile. Katika uwanja mzima ule nadhani alikuwa peke yake aliyejua kwa magoti yake mwenyewe maana ya kulizunguka duara lile.

"Mimi natumia kamba," akasema. "Kamba na msumari katikati. Na bado mwaka juzi lilitoka yai."

Bi. Adair alimpa alama ya juu kuliko zote za siku ile. Wengine walimkata vibaya kwa ukubwa, na haki yao, sheria ni sheria. Ule umbali aliokuwa amewaacha wenzake ukabaki hatua mbili. Kesho yake alicheza kwa muziki bila kuanguka, akashuka kwenye trekta lake mara zote alizotakiwa kushuka, lakini wenzake waliruka. Akawa wa tatu. Walikwenda wawili.

Alikaa kwenye benchi akavua viatu, akafuta chuma kwa kitambaa mpaka kikakauka kabisa, kama afanyavyo siku zote. Mimi nililia hadharani na sioni aibu. Yeye akanipa kile kitambaa cha viatu nijifutie.

Tukarudi nyumbani basi. Redio ilikuwa inashika vizuri na Kotelko akaizima. Tulipoyaona maghala ya ngano ya Zoria, akamwambia Stefka:

"Ungesimama. Sheria inaruhusu."

"Najua, Mzee."

"Sasa mbona hukusimama?"

Stefka alitazama nje dirishani. "Lilikuwa zuri," akasema.

Kotelko akaguna. Tulipoingia uani kwa Onufry akazima injini, akabaki ameshika usukani. "Lilikuwa zuri," akasema, na hakuwa anamwambia yeyote kati yetu.

Theluji ilipoyeyuka Stefka alitundika viatu vyake kwenye msumari ghalani. Mguu wa Onufry haukuunga vizuri, kazi ya shamba ilikuwa imemlemea, na binti alikuwa ametimiza miaka kumi na minane. Alipata kazi kwenye duka la mikate. Nikimwuliza habari za barafu anasema, "Nimemaliza, Shangazi," kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi. Laiti angekuwa na hasira ningekuwa na pa kuanzia. Kumwona mtoto mwenye kitu kile miguuni anahesabu mikate, nilikuwa nalala nikiamka nimekasirika. Nilimgombeza, nikambembeleza, nikamnunia. Hakubadilika.

Baridi ikashika tena. Asubuhi ambayo nilikwenda kuwasha jiko la kantini kwa mara ya kwanza mwaka ule, nilimkuta Kotelko amepiga magoti kwenye barafu, ndoo ya rangi pembeni, kamba mkononi. Hilo la kawaida. Nikamsalimu, akaguna. Nilipotoka kumwaga majivu ndipo nikatazama vizuri. Alikuwa ameshalichora duara lake. Alichokuwa anachora ni jingine, pembeni yake, mahali ambapo katika uwanja wa hoki hapatakiwi kuwa na kitu.

Niliacha ndoo ya majivu palepale, nikaenda duka la mikate.

Stefka alikuja na viatu vya mpira na aproni yake, unga mpaka kwenye nyusi. Akasimama ukingoni. Kotelko alikuwa anamalizia, na hakuinua kichwa.

"Mzee Kotelko, mimi sikwenda."

"Najua hukwenda. Nani aliyeendesha gari?"

"Ulisema utachora nikienda."

"Nilisema nitachora, nimechora." Akainuka, magoti yakalia. "Langu mimi nimemaliza. Lako bado."

Stefka akaingia kwenye barafu na viatu vyake vya mpira, akalizunguka lile duara polepole, macho chini, kama Bi. Adair. Alipofika katikati, pale maduara mawili yanapokutana, akasimama.

"Hapajagusana," akasema.

Kotelko akaja akatazama. Palikuwa na uwazi wa kidole kimoja. Nilimwona uso unamwiva, nikasema sasa huyu ataturushia ndoo. Akatazama uwazi, akamtazama binti, akatazama uwazi tena. Kisha akanyoosha mkono, akampa brashi.

Stefka akaifuta mikono kwenye aproni ndipo akaipokea. Akapiga magoti, akaufunga.

Alikwenda. Mwaka uleule alirudi Edmonton akawa wa kwanza, akaenda mashindano ya taifa, akawa wa saba. Mwaka uliofuata akawa wa tano, na hapo juu hakupanda zaidi, kwa sababu trekta ni trekta. Kisha akarudi Zoria, akafundisha watoto wa hapa mpaka nywele zikaingia mvi. Kotelko alimpelekea hata wavulana wake wa hoki, majitu yenye mapengo, wajifunze kuegemea chuma, na kuna miaka timu yetu ilishinda hadi tukachanganyikiwa. Baadaye wakubwa wa mchezo waliiondoa michoro mashindanoni. Wakaona watu wanataka kutazama kuruka, hawataki kutazama mistari. Stefka alisikia habari hiyo, akasema sawa, akaendelea. Hapa kwetu mtoto hafundishwi kuruka kabla hajaifunga nane yake, ile ya majitu.

Mwamuzi wa hoki akija kutoka nje hushangaa, huuliza aanzishe mchezo kwenye duara lipi. Tunamwonyesha.

Siku hizi sikaangi tena. Jumamosi naketi kwenye benchi na Kotelko, ambaye masikio yamemwishia na bado anatafuna mbegu zake. Juzi wavulana wa timu waliwahi kuingia, wakaanza kurushiana visahani upande ule. Stefka alikuwa anafunga kamba za viatu. Akanyanyuka.

"Tokeni kwenye duara langu, nyie."

Wakatoka mbio. Kotelko akaniinamia. "Amesemaje?"

Nikamsogelea sikio. "Kasema watoke kwenye duara lake."

Akatafuna, akatema ganda. "Kwani si lake?" akasema.